Je, wajua kwa nini kizazi hujazwa maji kabla ya kuchunguliwa?

Wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki wana ule mpira mrefu wa pampu ambao ukiwa mkavu hulala shambani bapa kama utepe. Ukiutazama hivyo huwezi kujua umetoboka wapi. Washa pampu maji yaingie, mpira unavimba, na kila tundu linajitangaza lenyewe.

Kizazi cha mwanamke asiye na mimba kiko vivyo hivyo. Michoro ya vitabuni imetuzoesha kuona nafasi wazi ya pembetatu, mithili ya chumba kinachosubiri mpangaji. Kumbe ukuta wa mbele na wa nyuma vimelaliana. Kamera ikiingizwa hivi hivi, itaona wekundu mtupu.

Ndiyo maana histeroskopi, yaani kipimo cha kuchungulia ndani ya kizazi, kwa kawaida haiendi bila maji. Daktari hupitisha bomba jembamba, kwa kawaida la milimita 3 hadi 5, ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Tumbo halichanwi, hakuna mshono. Bomba hilo lina taa, lenzi na njia ya kupitishia maji ya chumvi, kama yale ya dripu. Maji yakiingia kwa presha kidogo kuta zinaachana, na picha inatokea kwenye skrini. Mwaka 1869 daktari aitwaye Pantaleoni alimchungulia mama wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa damu baada ya kukoma hedhi, akakiona kinyama kilichoota ndani na kukichoma kwa dawa. 

Mwaka jana nilimsindikiza wifi yangu kutoka Arusha kwenda Moshi kufanyiwa kipimo hiki. Alikuwa anajiandaa kupandikizwa mimba, na ultrasaundi ilikuwa imeonyesha kivuli ndani ya kizazi. Ndani ya Kosta ile ya alfajiri hakuongelea maumivu hata mara moja. Kilichomkosesha raha ni kwamba mama yangu, mkwe wake, alikuwa ameshawaambia majirani kuwa "mkwe wangu anaenda kusafishwa kizazi."

Mtaani kwetu neno hilo limebeba mizigo mingi. Kuna wanaolitumia kwa kukwanguliwa mimba ikiharibika, kuna wanaolitamka kwa kunong'ona wakimaanisha kutoa mimba, na kuna wauza chupa za mitishamba wanaodai kila kizazi kina uchafu. Histeroskopi si mojawapo ya hayo. Tena kukwanguliwa, hasa kukirudiwa, ni moja ya mambo yanayoacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi, tatizo linaloitwa kwa jina la daktari Asherman aliyelieleza mwaka 1948. Kifua kikuu cha kizazi nacho huacha makovu ya namna hiyo. Mengine anayotafuta daktari ni vinyama, uvimbe uliochomoza kwa ndani, na kizingiti ambacho mwanamke huzaliwa nacho kikiwa kimekigawa kizazi. Mirija kuziba au kutoziba hupimwa kwa njia nyingine, mara nyingi eksirei yenye dawa.

Kipimo hupangwa siku chache baada ya hedhi kwisha. Wakati huo utando wa ndani ni mwembamba. Ukingoja wiki mbili zaidi unakuwa mnene na wenye mikunjo, na mkunjo unaweza kudhaniwa kinyama. Pia huwa ni rahisi zaidi kuwa na hakika kwamba hakuna mimba changa. Wengi huambiwa wanywe dawa ya maumivu kama saa moja kabla, na wasiende na njaa, isipokuwa kama watapewa nusu kaputi. Hapo watafunga kula kama watakavyoelekezwa.

Chumbani unalala miguu imetanuliwa, na hapo ndipo penye jambo ambalo wifi hakuwa ameambiwa: maji huchuruzika yakatoka. Alidhani amejikojolea, akaomba radhi. Nesi akamwambia, "Tulia mama, hayo ni yetu." Tumbo hukaza kama siku ya kwanza ya hedhi, zaidi bomba linapopita mlango wa kizazi. Kwa wengine maumivu huwa makali kweli, na una haki ya kusema "simama kwanza, daktari." Kuangalia tu huchukua dakika chache. Kinyama kidogo kinaweza kukatwa papo hapo, ila uvimbe mkubwa hutolewa tiatani, yaani chumba cha upasuaji.

Baadaye damu kidogo hutoka kwa siku kadhaa. Tumia pedi, na subiri damu ikauke kabla ya tendo la ndoa. Homa, uchafu wenye harufu, damu nyingi au tumbo linalozidi kuuma ni vya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Mara chache maambukizi huingia, na mara chache zaidi kifaa hutoboa kizazi.

Je, kila anayepandikizwa mimba anakihitaji kipimo hiki? Hapa mimi nina msimamo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake 702 ambao upandikizaji ulikuwa umeshindikana mara 2 hadi 4, na ultrasaundi zao hazikuwa na kasoro. Waliochunguliwa kabla ya kujaribu tena na wasiochunguliwa walijifungua kwa kiwango kile kile, asilimia 29. Basi kabla ya kutoa pesa muulize daktari: unatafuta nini? Kivuli kwenye ultrasaundi ni sababu, mimba kuharibika mara kwa mara ni sababu. "Tuangalie tu" hainitoshi. Na kama mume bado hajapima mbegu zake, aanze yeye. Kipimo chake ni kikombe tu.

Kivuli cha wifi kilikuwa kinyama cha ukubwa wa punje ya mahindi. Alikiona mwenyewe kwenye skrini kikiyumba majini kama mwani, kabla ya mkasi mdogo kukikata. Daktari alimwambia wasubiri hedhi inayofuata, kisha wapange upandikizaji.

Tulipofika Boma Ng'ombe simu yake ikaita.

"Shikamoo mama. Hapana mama, sijasafishwa. Nimechunguliwa."