Mkuu wa shule anajifunzia wapi uongozi?

Mwalimu anafundisha vizuri, somo lake linafaulisha, mwenendo wake hauna doa. Siku moja anapokea barua ya uteuzi kutoka halmashauri: kuanzia sasa wewe ni mkuu wa shule. Anakabidhiwa ofisi, funguo, leja ya mali, mhuri, na mara nyingi madeni ya aliyemtangulia. Mafunzo ya kazi hiyo mpya huja baadaye, yakija. Kazi yangu ni kuwanoa wakuu wa shule za sekondari na walimu wakuu wa shule za msingi, na kwa jinsi ninavyoona, hapa ndipo tunapowaangusha. Tunawapa madaraka kwa sababu ni walimu hodari, halafu tunawarundikia majukumu yanayowaondoa kabisa kwenye ufundishaji.

Taifa halikulifumbia macho jambo hili. Chuo cha MANTEP kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1979 kwa ajili ya kuwaandaa viongozi wa elimu, na mwaka 2001 kikageuzwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Majirani zetu wa Kenya nao wana taasisi yao, KEMI, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la KESI. Aliyepita ADEM utamjua. Anaandaa bajeti inayosomeka, anaelewa taratibu za manunuzi, anajua waraka upi unamhusu, na mkaguzi wa ndani hamtoi jasho. Nawaheshimu sana wakufunzi wenzangu wanaoifanya kazi hiyo. Lakini mafunzo ya ukumbini, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hunywea mtu akirudi kituoni asipopata wa kumfuatilia. Cheti kinatundikwa ukutani, na Jumatatu yake simu inaita: takwimu za madawati zinatakiwa kabla ya saa sita mchana.

Tena kazi yenyewe imenenepa. Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Mkuu akawa mhasibu, na katika shule nyingi mhasibu huyo hana msaidizi zaidi ya mwalimu aliyepewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake. Mwaka 2021 ukaja ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, milioni 20 kwa kila chumba, kwa utaratibu wa force akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuwalipa mafundi badala ya kumpa mkandarasi. Madarasa yale yalihitajika mno, na wakuu wa shule waliyasimamia wakiwa na kamati zao hadi usiku. Matokeo yake leo ninakutana na wakuu wanaojua bei ya nondo na saruji katika kila duka la wilaya, ila hawajakanyaga darasa la hisabati tangu muhula ufunguliwe. Siwalaumu. Mkuu wa shule ambaye chumba chake hakikuezekwa kwa wakati aliitwa kujieleza. Kwa kutokuingia darasani, hakuna aliyemuuliza kitu.

Kuna utafiti mmoja ninaoutaja kila ninapokutana na wakuu wapya. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti zilizokwishafanyika kuhusu uongozi wa shule na ujifunzaji wa wanafunzi, wakapima ni mambo yapi anayoyafanya kiongozi yanayofika hadi kwa mtoto. Kuweka malengo kuna faida. Kupanga rasilimali vizuri kuna faida. Kuhakikisha utulivu shuleni kuna faida. Lililoyaacha mengine yote mbali ni mkuu kuhimiza walimu wake wajifunze na yeye mwenyewe kuwa miongoni mwao wanapojifunza. Hiyo sehemu ya pili ndiyo huwa inarukwa. Mkuu anafungua kikao cha mafunzo kwa maneno matatu ya kutia moyo, anaomba radhi kwamba ana mgeni ofisini, anaondoka. Walimu wanaipata habari hiyo vizuri sana: jambo hili si la muhimu.

Hapa kwetu mlango uko wazi tayari. Tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambapo walimu wa shule hukutana katika jumuiya za ujifunzaji na kutatua kinachowasumbua darasani. Tangu mtaala ulioboreshwa wa 2023 uanze kutumika Januari 2024, mada za kujadili zimejaa. Kinachopungua ni mkuu wa shule anayeketi pale na daftari lake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nieleze inavyokuwa pale mkuu anapoamua kuifanya kazi hii.

Mwalimu mkuu mmoja niliyekuwa nikimsaidia aliingia kipindi cha hisabati, darasa la tano, mada ya kujumlisha sehemu. Alikuwa amemwarifu mwalimu siku mbili kabla. Alikaa dawati la nyuma, kati ya wanafunzi. Nilimwomba asiandike chochote kuhusu mwalimu kwa dakika kumi za mwanzo, aangalie watoto tu. Mwalimu ni mzuri, sauti inasikika, maandishi ubaoni yamenyooka. Akatoa mfano wa nusu kujumlisha theluthi, akatafuta asili ya pamoja, ile namba ya chini, akapata tano ya sita. “Mmeelewa?” Darasa zima: “Ndiyooo!” Akatoa zoezi. Mwalimu mkuu akainuka polepole, akapita kati ya mistari miwili ya nyuma akichungulia madaftari. Robo kujumlisha theluthi: mbili ya saba. Daftari la pili, mbili ya saba. La tatu hivyo hivyo. Watoto wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kule mbele, mikono ileile minne ilikuwa juu tangu kipindi kianze, na ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Mazungumzo yaliyofuata yalifanyika mapumzikoni, chini ya mwembe, mbali na ofisi. Nayaweka kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo uongozi unapoonekana au unapokosekana.

“Hongera kwa kipindi, mwalimu. Uliwaandaa vizuri.”

“Ahsante, mkuu.”

“Wewe mwenyewe unaonaje, wamelipata somo?”

“Wengi wamepata. Walijibu vizuri.”

“Wale wa mbele niliwasikia. Mimi nilikaa nyuma. Hebu tuangalie haya pamoja.” Akamwonyesha madaftari matatu aliyoyaazima, akanyamaza.

Mwalimu akayatazama kwa muda. “Wanajumlisha na asili pia.”

“Unafikiri wanaona nini vichwani mwao wakiandika hivi?”

“Wanaona namba nne, mkuu. Hawaoni kwamba ile ni sehemu ya kitu.”

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu mkuu angeweza kuisema dakika ya kwanza, na angepoteza kila kitu. Wangebaki na mkubwa anayejua na mdogo anayeitikia “sawa, mkuu.” Badala yake walipanga pale pale kwamba tatizo hilo lipelekwe kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule wiki ile. Likapelekwa bila jina la mwalimu wala la mtoto: madaftari tu mezani. Ikaonekana kumbe darasa la sita na la saba wanalo pia, limejificha. Walimu wakakata vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, wakavikunja kimoja sehemu mbili sawa, kingine tatu, kingine nne, wakavipanga kimoja juu ya kingine ili jicho lione kwamba nusu na theluthi haziwezi kuhesabiwa pamoja kabla ya kukatwa vipande vya ukubwa mmoja. Mwalimu mkuu naye alikuwa anakunja. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili. Aliuliza maswali ya mtu asiyejua kwa kweli, na walimu wa hisabati wakamweleza hadi akaelewa, jambo ambalo liliwalazimisha watafute maelezo mapya. Siku hiyo ilikuwa na thamani kuliko semina nyingi nilizowahi kuziendesha.

Sasa niguse jambo gumu. Chini ya sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya mwaka 2015, mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi. Mtu huyohuyo anayeketi nyuma ya darasa ndiye anayeweza kukuandikia barua ya onyo, na ndiye anayeingia katika upimaji wa utendaji wako wa kazi. Mwalimu akimwona anaingia na faili, anafundisha somo la maonyesho: swali jepesi, wanafunzi wale wale, zana iliyotolewa kabatini kwa ajili ya mgeni. Ndiyo maana nasisitiza viti viwili vitenganishwe, cha anayejifunza na cha mwenye mamlaka. Ukiingia darasani kujifunza na mwalimu, usiulize andalio la somo wala azimio la kazi siku hiyo. Hayo yana siku yake, yakaguliwe na mtaaluma kwa utaratibu unaojulikana. Na ulichokiona ukiwa dawati la nyuma kisitokee kamwe kwenye barua, isipokuwa umeona mtoto anaumizwa. Ukivunja ahadi hii mara moja, habari itafika ofisi ya walimu kabla ya kengele ya mwisho, na itakuchukua miaka kurudisha imani.

Kuhusu muda, ushauri wangu ni wa vitendo tu. Weka vipindi viwili kwa wiki vya kukaa darasani kwa wenzako, uviandike kwenye ratiba kuu ya shule kama vipindi vingine, na ubandike mlangoni kwako. Kasimu madaraka kwa kweli. Makamu awe na kazi zake anazozimaliza bila kukupigia simu, na mjumbe wa kamati ya ujenzi aliye fundi kwa taaluma aachiwe kuhesabu matofali. Na usiache kufundisha. Mkuu asiye na kipindi hata kimoja husahau haraka sana jinsi saa nane mchana inavyokuwa kwa watoto ambao hawajala. Habari za mapato na matumizi zikae kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka, wazazi wasome wenyewe. Hilo tu litakupunguzia safari nyingi za watu ofisini kwako.

Kwa upande wetu sisi tunaowafundisha wakuu, liko deni. Tumezoea kuwaita siku tano, tukawajaza mada kumi na mbili, tukapiga picha ya pamoja. Mkuu mpya anahitaji mtu wa kumtembelea shuleni kwake katika mwaka wake wa kwanza. Huyo mtu tunaye: mkuu mzoefu wa kata jirani, aliyekwishaonja migogoro ya bodi, mwalimu mlevi, mzazi mwenye hasira na mwanafunzi mjamzito aliyestahili kurudi shule. Waunganishwe wawili wawili, watembeleane mara moja kwa mwezi, na kila ziara iwe na saa moja ya kukaa darasani pamoja kabla ya kuingia ofisini. Afisa elimu wa wilaya anaweza kulianzisha hili kwa barua moja na nauli ya bodaboda. Nimeona kata zilizolianzisha bila hata hiyo nauli, wakuu wakichangia wenyewe, na wapya wakaacha kujiona wako peke yao. Upweke wa kiti kile ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Jana ulikuwa unacheka na wenzako ofisi ya walimu, leo ukiingia mazungumzo yanakatika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye mafunzo ni hili: “Mkuu wa idara akipiga simu nikiwa darasani, halafu nisipokee, si nitaitwa mkaidi?” Wasiwasi huo una msingi, na jibu lake linaanza kabla ya simu kuita. Mwanzoni mwa muhula mpelekee afisa elimu kata na ofisi ya wilaya nakala ya ratiba yako, vipindi vyako vya kukaa darasani vikiwa vimepigiwa mstari, na namba ya makamu wako atakayepokea kwa saa hizo. Mpe makamu faili la takwimu zinazoulizwa mara kwa mara, yaani wanafunzi kwa jinsia, madawati, matundu ya vyoo, ikama ya walimu, na alihuishe kila Ijumaa. Simu ikija, ataijibu yeye. Wakuu waliofanya hivi wameniambia simu hazikupungua, ila hazikuwatoa tena kwenye dawati la nyuma. Ukitoka tu, mpigie aliyekutafuta, msalimie, umwambie ulikuwa darasa gani na umeona nini.