Tangi Kubwa Halileti Presha: Dhana Zinazonichosha Kwenye Kazi ya Bomba

"Fundi, tung'oe hili tangi la lita elfu mbili tuweke la elfu tano, maji yapate nguvu."

Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu hapa Dar: Goba, Kigamboni, na juzi Kimara. Huyu mama wa Kimara alikuwa ameshalinunua kabisa. Nimefika nakuta tangi jipya la lita 5000 limelazwa uani, limefungwa kamba lisibingirike, na pesa yake ni ya kikoba, ameisubiri mwaka mzima. Nilipomwambia, "Mama, hili halitabadilisha chochote bafuni kwako," alinitazama kama fundi anayekwepa kazi ya kupanda juu. Kwa hiyo ngoja niiandike, maana nimechoka kuona watu wanapoteza fedha kwa jambo ambalo hata fundi mwashi anaweza kukuonyesha kwa mpira wake.

Umewahi kuona mafundi ujenzi wakipiga leveli kwa mpira mwembamba wenye maji? Chukua mpira ule ule, chomeka ncha moja kwenye pipa lililojaa, vuta maji mpaka mpira ujae, kisha inua ncha ya pili kando ya pipa. Maji ya kwenye mpira, mpira wenye unene wa kidole, yatasimama sawasawa na maji ya kwenye pipa. Hayatazidi hata nukta. Pipa lina lita 200, mpira hauna hata lita moja, na bado pipa haliwezi kuyasukuma yale ya kwenye mpira yapande juu yake. Kama wingi wa maji ndio ungeleta msukumo, mpira ungeruka na kumlowesha kila aliyesimama pale.

Kinachosukuma ni urefu: kutoka uso wa maji ndani ya tangi mpaka pale maji yanapotokea. Kila mita 10 za urefu huo ni takriban baa moja (baa ni kipimo cha presha), na kila mita moja ni sehemu ya kumi ya baa. Sasa pigia hesabu nyumba zetu. Mnara wa tangi una mita 3. Shawa iko mita 2 kutoka sakafuni. Hapo umebakiwa na mita moja, ongeza mita moja ya maji yaliyomo ndani ya tangi, jumla mita 2. Hiyo ni baa 0.2. Halafu mtu ananunua shawa pana ya mvua aliyoiona hotelini, na shawa nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa nyumba yenye baa moja na kuendelea. Itadondosha tu. Hita ya shawa nayo hivyo hivyo: ndani ina swichi inayosubiri kusukumwa na maji ndipo iwake, msukumo usipofika inakaa kimya, na mwenye nyumba anamwita fundi umeme.

Kuna chembe ya ukweli ambayo lazima niikubali. Tangi la 5000 huwa refu kuliko la 2000, labda kwa nusu mita. Likijaa pomoni utapata ile nusu mita, yaani baa 0.05. Maji yakishuka kidogo, faida imeisha. Hakuna anayenunua tangi kwa ajili ya hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mnara uliojengwa kubeba tani mbili, unaupandishia tani tano. Nimeshaitwa kwenye nyumba nguzo ya mnara imepasuka kuanzia chini, nondo zinaonekana, na watoto wanacheza kivulini hapo hapo. Tulilifungulia tangi lote limwagike uani kabla sijakubali mtu yeyote apite pale. Baada ya mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka, watu wengi Dar walikimbilia matangi makubwa, na walikuwa na sababu, kwa sababu tangi kubwa ni akiba. Linakupa siku zaidi za kuoga. Halikupi nguvu ya kuoga.

Sasa, kama si tangi, ni nini? Mara nyingi ni njia ya maji. Bomba la PPR, yaani la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelea, la milimita 20, ambalo sisi tunaita nusu, tundu lake la ndani ni milimita 13 na kidogo tu. La 32, yaani inchi moja, tundu lake ni milimita 21. Kwa macho utasema tofauti ni ndogo, lakini kwa mteremko ule ule, la inchi moja hupitisha zaidi ya mara tatu ya maji ya lile la nusu. Fundi aliyekubana bei mwanzoni alikutolea nusu kutoka tangini, ikalisha bafu mbili, choo na jiko. Ukifungua la jikoni, aliye bafuni anabaki na sabuni machoni.

Tena kuna jambo ambalo mteja hawezi kuliona kabisa: kuchomelea. Pasi ya PPR hufanya kazi kwenye nyuzi joto 260 hivi, na bomba la 20 linatakiwa kukaa humo sekunde 5 tu. Kijana akililaza sekunde 15 huku anapokea simu, plastiki inavimbia ndani na kuziba nusu ya tundu. Ukuta ukishapigwa lipu na vigae, ile kiungo inakaa humo miaka. Nimekata elbo, zile kona za bomba, ambazo hata kalamu haipiti. Nawasihi vijana wanaoanza kazi hii, hesabuni sekunde kwa mdomo. Mimi bado nahesabu.

Halafu angalia koki ya tangi. Zile za geti, za kuzungusha zungusha, kwa maji ya chumvi ya visima vya Kigamboni zinaganda nusu njia: unazungusha mpini, lango la ndani halipandi. Weka yenye tufe ndani, ile ya kugeuza robo mzunguko, tundu likiwa wazi liko wazi. Angalia pia bomba lililopita juu ya dari likapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Hewa hukaa pale kwenye nundu, na kwa presha yetu ndogo maji hayana uwezo wa kuifukuza. Dawa yake ni kulinyoosha au kuweka kipumuo.

Kwa mama wa Kimara nilianza na ndoo. Lita 20 bafuni zilichukua dakika 6. Tukabadilisha mita 12 za bomba kuwa inchi moja, koki mpya, tukaondoa elbo nne zisizo na kazi. Ndoo ile ile, dakika 2. Tangi ni lile lile la elfu mbili, pale pale juu. Lile jipya tumeliweka chini kwenye msingi wa zege, linapokea maji ya mgao usiku na pampu ndogo inapandisha. Pesa yake ya kikoba haikupotea.

"Basi fundi nifungie pampu ya presha, yaishe." Pampu ni nzuri, ila ukiifunga kwenye bomba la nusu lililoziba, unalipia umeme kusukuma ukuta. Safisha njia kwanza. Na msiniombe niifunge ikinyonya moja kwa moja kutoka laini ya mtaa. Sifanyi. Pampu ikivuta na laini haina maji ya kutosha, inavuta kila kilicho karibu na nyufa za bomba, ikiwemo maji ya mitaro. Unayanywa wewe, anayanywa na jirani. Maji ya mtaa yaingie tangini yenyewe, pampu inyonye tangini.

Mengine niyapitie haraka.

"Septiki imejaa, nimefunua nikaona maji mpaka juu." Septiki isiyo na tatizo siku zote ina maji mpaka usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo inavyofanya kazi. Kinachojaza ni tope la chini, na hilo hupimwa kwa mti mrefu. Kabla hujaita gari la majitaka, angalia kama shimo la pili, lile linalopokea maji ya septiki, bado linanyonya. Likigoma lile, utaita gari kila mwezi.

"Harufu bafuni maana yake shimo limejaa." Mara nyingi ni bafu la wageni lisilotumika, maji ya kwenye mtego wa sakafuni, yale yanayozuia harufu isipande, yamekauka, hewa ya chemba inapanda. Mwaga kopo moja la maji pale kila wiki.

"Tepu nyeupe nyingi ndiyo haivuji." Ukijaza tepu kwenye kiungo cha plastiki kisha ukakaza kwa spana, unakipasua. Kitavuja baada ya wiki.

"Nimeshamwaga magadi makali ya kuzibulia, fundi malizia." Tafadhali mwambie fundi ulichomwaga kabla hajagusa chochote. Mimi niliwahi kufungua sinki ambalo sikuambiwa kitu, yale maji yakanimwagikia mkononi, na alama ninayo hadi leo. Usichanganye kabisa dawa ya kung'arishia nguo na asidi ya choo: ile gesi inakaba mapafu.

Na hili la mwisho naliomba kwa moyo wote: "Shimo halina harufu sana, kijana ashuke tu aokote simu." Gesi ya mashimo ya vyoo ikiwa kidogo inanuka mayai viza, lakini ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Usiposikia harufu, huenda ndipo pabaya zaidi. Mmoja akianguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye haamki. Mshumaa hauwezi kukuambia kama gesi hiyo ipo, na karibu na shimo lenye gesi inayowaka mshumaa wenyewe ni hatari. Simu yako iliyotumbukia haina thamani ya kijana wa mtu. Mimi sishuki, na msaidizi wangu hashuki.

Ukinipigia kuhusu presha, nifanyie mambo mawili kwanza. Pima ndoo ya lita 20 kwa saa ya simu, bafuni na kwenye bomba la uani. Kisha niambie tangi liko mita ngapi juu ya shawa. Lita za tangi nitakuuliza baadaye, tukifika kwenye mnara.