"Ile hela tuma kwa namba hii": tunayoyaamini kuhusu meseji taka na ukweli wenyewe

Juzi kati mama mmoja alikuja kwenye kibanda changu cha uwakala hapa Mbagala Rangi Tatu, jioni ile watu wanashuka kwenye magari wanatoka kazini, akanipa laki nne na nusu akasema mwanangu niwekee kwenye simu halafu unisaidie kuituma, ni kodi ya mwenye nyumba, namba hii hapa. Nikamuuliza mama, hii namba yake unaitumia siku zote? Akasema hapana, katuma meseji leo asubuhi kwamba ile laini ya zamani ina shida. Nikamwomba ampigie kwanza kwa ile ya zamani. Akapiga, mzee akapokea, yuko kwake Chanika, hajamtumia mtu meseji yoyote na wala laini yake haina shida. Mama akakaa kwenye benchi muda mrefu, halafu akasema, "kumbe na mimi ni mjinga."

Hilo neno limenikaa moyoni mpaka leo, maana ndo tunalolisema wote mtu akitapeliwa, kwamba mjinga, mshamba, tamaa imemponza. Mimi nakaa na hela za watu kila siku na naona wanaokuja na hizi meseji, walimu wapo, mafundi wapo, hata kijana wa chuo anayesomea kompyuta alishawahi kuja. Yule mama hakuwa mjinga hata kidogo na nataka nieleze kwa nini.

Anayetuma ile meseji hamjui mama. Hajui kama kapanga, hajui kodi inaisha lini, hajui hata kama ni mwanamke. Kanunua bando la meseji kwa hela isiyofika sahani ya chipsi, kaandika sentensi moja, kaituma kwa watu mia, elfu, wengine wengi zaidi. Sasa jiulize hapa Dar watu wangapi wamepanga, na kodi zetu tunalipa kwa mkupuo, miezi mitatu, miezi sita, wengine mwaka, kwa hiyo kila siku ya Mungu lazima kuna mtu mahali fulani ambaye hela ya kodi anayo mkononi na anawaza kuipeleka. Meseji ikimkuta huyo, siku hiyo, haionekani kama utapeli kabisa, inaonekana kama jibu la jambo alilokuwa analiwaza tangu asubuhi. Wewe uliyeipata ukacheka ukaifuta hukuwa na akili kumzidi, ilikukuta tu siku isiyo yako.

Na hii hesabu imeshapimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley na San Diego, waliingia kwenye mtandao mmoja wa kompyuta zilizotekwa uliokuwa unaitwa Storm, wakafuatilia imeili za matangazo ya dawa kwa siku 26. Zilitumwa imeili karibu milioni 350. Unajua waliofika mpaka hatua ya kununua walikuwa wangapi? 28. Ishirini na nane tu. Ukisikia hivyo unaweza ukasema basi biashara imekufa, hapana, kama kutuma hakukugharimu kitu hao 28 wanatosha na kesho unarudia. Kwa hiyo ile meseji haihitaji kukudanganya wewe, inahitaji mtu mmoja kati ya maelfu. Ndo maana huwa imeandikwa fupi, haina jina lako, haina jina la mwenye nyumba, haitaji mtaa, inasema tu "ile hela", kila mtu aijaze mwenyewe kichwani kwake.

Kuna kipande kingine kidogo ambacho watu hawakioni ila sisi mawakala tunakiona sana. Unapotuma hela kwa simu, kabla hujathibitisha unaletewa jina la mwenye ile namba, na hiyo ndo kinga yako kubwa kuliko zote. Sasa soma meseji yao vizuri, mwishoni utakuta "jina litakuja fulani". Wameshakuambia mapema! Mwenye nyumba wako ni mzee wa kiume, jina linakuja la mwanamke, lakini kwa sababu ulishaambiwa hivyo asubuhi moyo hauruki, unaona ni sawa, labda ni mke wake, labda binti yake, unaweka namba ya siri. Kwa hiyo ukiona meseji inakuelezea jina litakalotokea, simama hapo hapo, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, sio hiyo iliyokutumia.

Dhana ya pili ninayoisikia sana ni "wameipataje namba yangu, lazima kuna mtu kaniuza". Inawezekana, sikatai, namba zetu tunaziacha kila mahali, kwenye daftari la getini ukiingia ofisi za watu, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu mia mbili usiowajua, kwenye tangazo la kuuza friji. Lakini mara nyingi wala hawahitaji kuipata. Namba ya simu Tanzania ina tarakimu kumi, nne za mwanzo zinajulikana na kila mtu, zimebaki sita, na tarakimu sita zinatoa namba milioni moja. Mtu anaanza na moja anaenda mbele, ya kwako imo humo humo hata kama hujawahi kumpa mtu yeyote. Wateja wangu wengine huwa wanaingia hofu kabisa, wanaanza kumshuku shemeji, jirani, mfanyakazi wa ndani, watu wanagombana nyumbani kwa ajili ya namba ambayo mtu kaibahatisha tu.

Na hapo ndo inakuja hii ya kujibu. "Mimi huwa nawatukana mpaka wanakoma." Jamani, msiwajibu. Aliyekuwa anabahatisha hajui ipi iko hewani na ina mtu anayesoma, ukimjibu, hata kwa tusi, umemwambia hii ni hai na mwenyewe yuko macho, na orodha ya namba hai ndo mali. Kwenye imeili ni hivyo hivyo, kuna nyingine zina kapicha kadogo kasikoonekana, ukiifungua hiyo imeili, picha inavutwa kutoka kwenye kompyuta yao na wao wanajua kwamba imefunguliwa. Tofauti ni kampuni ya kweli uliyojiandikisha mwenyewe, duka au benki, hiyo ukibonyeza pale chini pa kujiondoa wanakutoa, Marekani wana sheria tangu 2003 inayowapa wafanyabiashara siku 10 za kazi wawe wameshakuondoa. Ila imeili ya mtu usiyemjua inayokuahidi urithi, usibonyeze kitu chochote, hata hicho cha kujiondoa.

Wengine wananiambia hizi ni tabia za juzi juzi, zimekuja na simu janja. Hapana, zina umri kuliko mimi. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC kule Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na watu walikasirika kweli kweli. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, mtu na mke wake, wakajaza tangazo la bahati nasibu ya green card, kile kibali cha kuishi Marekani, kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano kwa mkupuo. Na hilo jina spamu, ambalo hizi meseji na imeili taka zinaitwa, ni la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa 1937.

"Teknolojia itamaliza." Bill Gates mwenyewe, mwanzilishi wa Microsoft, alisema hivyo kwenye mkutano wa Davos mwaka 2004, kwamba ndani ya miaka miwili tatizo la spamu litakuwa limeisha. Novemba 2008 kampuni moja ya California iliyokuwa inahifadhi mitambo ya watumaji, McColo, ilikatiwa intaneti, na spamu ya dunia nzima ikashuka kwa zaidi ya nusu kwa siku moja, watu wakafurahi, baada ya miezi michache ikarudi pale pale. Vichujio vya imeili vinasaidia sana lakini vinafanya kazi kwa kukadiria. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham aliandika makala iliyoeneza njia ya kuhesabu maneno, yaani programu inaangalia kila neno huwa linaonekana mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye barua nzuri, halafu inapiga hesabu ya uwezekano kwamba ni taka. Ndo maana wao nao wanaandika "h3la" na "m k o p o", wanakwepa hiyo hesabu. Na kwa kuwa ni makadirio kuna siku inakosea upande wa pili, kuna mdogo wangu wa hapa jirani aliitwa kwenye usaili wa kazi, imeili ikaangukia kwenye spamu, kaiona wiki moja baada ya tarehe. Kwa hiyo anayetafuta kazi, naomba sana, lifungue lile folda la spamu kila siku.

Sasa hizi za ndugu zetu wenyewe. "Tuma hii kwa watu 10 upate GB 20 za bure." Shangazi anaituma kwenye grupu la familia kwa nia njema kabisa, na watu wanaamini hakuna madhara, bando lisipokuja basi. Madhara yapo. Ile linki inakupeleka mahali unapoandika namba yako, wakati mwingine jina na namba ya kitambulisho, au inakuambia upakue programu, na mtumaji hajalipa hata senti, mmemfanyia kazi nyinyi, tena imetoka kwa shangazi kwa hiyo imani ipo tayari. Hata wanaoforwadi kwa kuonya, "jamani muwe makini na hii", wanaiacha linki imo, na kuna mtu atasoma linki tu hatasoma onyo. Ukitaka kuonya, andika kwa maneno yako, linki itoe. Hizo za waganga wa nyota na mali na zile za jiunge Freemason uwe tajiri sizungumzii sana, ni ile ile ya kuomba hela ya kuingilia, ila naumia zinavyowakuta watu wenye mgonjwa nyumbani.

Halafu kuna hii: "laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo atakamatwa tu" na pacha wake, "hata ukiripoti hakuna kitu". Zote mbili zinatufanya tukae kimya. Usajili kwa alama za vidole ulikuwa na mwisho wake Januari 20, 2020, na umesaidia, lakini laini ya tapeli mara nyingi imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine kabisa, labda mzee wa kijijini aliyeambiwa baba weka tena kidole mashine haijasoma, kumbe laini ya pili hiyo. Piga *106# sasa hivi uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mimi nimewaonyesha wateja kadhaa na wamekuta laini wasizozijua, ukikuta hivyo nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute. Na meseji ikija, kuibloku peke yake ni kujisaidia wewe tu, mwenzako bado anaipata. Iforwadi kwenda 15040, utaletewa ujumbe wa kuomba namba iliyokutumia, unaiandika unatuma. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwamba inaongoza kwa namba za majaribio ya ulaghai, sio Dar kama wengi tunavyodhani, na sheria ipo, ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ina kifungu kizima cha meseji usizoziomba. Akikupigia mtu anasema yeye ni huduma kwa wateja wa mtandao wako, tazama namba, mitandao inakupigia kwa 100 tu.

Ya mwisho ndo inayoniuma zaidi maana inawagharimu watu hela halisi. "Nikishatuma imeenda, hakuna la kufanya." Basi mtu anakaa kimya, anaona aibu, anamficha mume, anakuja kuniambia baada ya siku tatu. Dakika zile za mwanzo ndo kila kitu. Kama hela bado iko kwenye ile namba haijatolewa, mtandao wako unaweza kuizuia, piga 100 muda huo huo ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala mkononi, usisubiri ufike nyumbani, usianze kumpigia tapeli kumbembeleza maana unampa muda wa kwenda kutoa. Kijana mmoja wa bodaboda alituma laki na ishirini akiwa amesimama hapa hapa mbele yangu, alipoona tu jina akashtuka akasema kaka nimekosea, nikampa kiti, tukapiga pale pale huku wateja wengine wanasubiri, na wote kwenye foleni walinyamaza hakuna hata mmoja aliyemcheka. Hela ilizuiwa ikiwa bado imo. Ilimrudia baada ya siku kadhaa, na alikuja kuniambia akiwa na yule mama wa laki nne na nusu, maana kumbe ni abiria wake wa kila asubuhi.