Meseji tatu kwa pampu moja

"Mnanidai?" Ndivyo alivyotujibu mteja mmoja wa kampuni ya pampu za sola niliyokuwa nikiifanyia kazi. Alikuwa amepokea meseji tatu zinazofanana, zote ndani ya dakika moja, zikimuuliza kama bado anatafuta pampu ya kisima. Hata mimi ningedhani nadaiwa.

Nilipofungua mfumo wetu wa kutuma kampeni nilimkuta mtu huyohuyo mara tatu. Kwenye fomu ya tovuti alijaza namba inayoanza na 07. Kwenye orodha ya WhatsApp, ambako alibofya linki ya makala, yuko kwa 2557. Na kwenye faili la Excel la watu wa mauzo namba yake inaanza na 7 tupu, maana Excel huimeza sifuri ya mbele ikidhani ni hesabu. Kwa mfumo hao ni watu watatu, na wote wanapenda pampu.

Siku hizi mtu akiniita nimuunganishie takwimu za wasomaji wa tovuti yake na mfumo wa kutuma kampeni, naanza na namba za simu. Zote nazigeuza ziwe za sura moja: alama ya kujumlisha, 255, kisha tarakimu tisa. Barua pepe naziweka herufi ndogo na kufuta nafasi zilizojificha mwishoni. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini bila hiyo yanayofuata yote ni kumwaga maji kwenye gunia.

Kuunganisha kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Msomaji akiingia kwenye tovuti, kivinjari chake hupewa kidakuzi (cookie), alama ndogo ya kumtambua akirudi. Hapo bado ni mgeni asiye na jina. Siku akijaza fomu, au akibofya linki tuliyomtumia yeye, kidakuzi kile hufungwa kwenye jina lake, na makala alizosoma kabla humfuata. Kasoro ni kwamba Safari, kivinjari cha Apple, hufuta vidakuzi vingi vya aina hii baada ya siku 7 asiporudi, na anayefungulia linki ndani ya Facebook mara nyingi huonekana mgeni mpya. Kwa hiyo msishangae idadi ya "wasomaji" ikizidi idadi ya watu.

Kisha kuna swali la kipi kitoke kwenye takwimu za wasomaji kitumwe kwenye mfumo wa kampeni. Wengi hutuma kila kitu, na hapo ndipo mfumo unapoanza kusema uongo. Kufungua barua pepe si kusoma: tangu Septemba 2021, ilipotoka iOS 15, mfumo wa simu za iPhone, programu ya Mail ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaigusa, pamoja na ile picha ndogo isiyoonekana tunayoitegea kuhesabu waliofungua. Mibofyo nayo ina wasiwasi wake. Ukiona linki zote za barua zimebofywa sekunde chache baada ya barua kufika, huyo si mteja, ni programu ya usalama ya ofisini kwake. Mimi nazitupa. Makala naihesabu kuwa imesomwa pale tu msomaji anapofika robo ya mwisho akiwa amekaa muda unaoendana na urefu wake.

Watu wa mauzo msiwape alama za kupima hamu ya mteja. Niliwahi kuwapa "85" wakaniuliza, kati ya ngapi? Sasa wanapata sentensi: "Amesoma ukurasa wa bei mara mbili wiki hii." Sentensi hiyo hufutika yenyewe baada ya siku 30, maana aliyesoma Machi si wa kupigiwa Agosti kana kwamba moto bado unawaka.

Na wasimwambie mteja "tumeona ulikaa dakika sita." Anaogopa, tena ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, Kenya wana yao tangu 2019; fomu yako iseme wazi unakusanya nini na cha kazi gani.

Yule wa "mnanidai" tulimpigia kumwomba radhi. Dada wa mauzo akachomekea, "Sasa kaka, kisima chako kina kina gani?" Akacheka. Hana kisima. Alikuwa anamsomea shemeji yake wa Dodoma, asiye na simu janja. Jioni ile niliongeza swali moja kwenye fomu: pampu ni ya nani?