Buibui hajamkojolea mtoto wako

Wiki hii hapa Mtwara nimeitwa nyumba tatu, mbili Shangani na moja Mikindani, na kote nimepokewa na maneno yaleyale: "Fundi, puliza dawa, buibui wamemkojolea mtoto." Sikupuliza hata moja.

Mtoto wa Mikindani alikuwa na mstari mwekundu shingoni kama aliyepigwa na fimbo ya moto, na malengelenge madogo juu yake. Mama yake akaninyooshea buibui mkubwa, mweusi na manjano, aliyetulia katikati ya utando kati ya mpapai na nguzo ya baraza. Mimi nikaenda kwenye taa. Ukutani chini yake nikawakuta sita: wembamba kama punje ya mchele, kichwa cheusi, kifua chekundu, mgongoni buluu iliyokoza, tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Huyo ndiye nzi wa Nairobi, na wala si nzi, ni mbawakawa. Haumi, hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo katika maji ya mwili wake na hutoka anapopondwa.

Mtoto amelala, kitu kinamtambaa shingoni, anapangusa. Basi. Ngozi huanza kuwaka baada ya nusu siku hadi siku mbili, na kufikia hapo mdudu ameshakwenda na fagio la asubuhi. Anayeonekana ni buibui, kwa hiyo kesi anabebeshwa yeye. Tazama kwenye kiwiko: mara nyingine utakuta vidonda viwili vinavyotazamana, kwa sababu mkono ulikunjwa na sumu ikapakaa upande wa pili. Hiyo ni alama ya kitu kilichosuguliwa. Choo cha buibui ni tone jeupe kama chokaa. Huliona ukutani chini ya utando, na haliunguzi ngozi ya mtu.

Kwa hiyo msimu huu wa mvua, ukimwona mdudu huyo juu ya mwili, mpulize kwa mdomo aondoke. Ukishamponda, osha hapohapo kwa maji na sabuni, usishike macho, na shuka ifuliwe. Kidonda kikikaribia jicho, nenda zahanati. Na taa ya baraza izimwe! Nalisema hili kila nyumba: taa ndiyo inayowaita mbawakawa, nondo na kumbikumbi, nao ndio wanaomvuta buibui aje kutega pale. Unalipia dawa huku umewasha mwaliko usiku kucha.

Wengine wanaogopa ule utando wa manjano, eti rangi ni sumu. Ni rangi ya uzi tu. Madagaska walikamua uzi wa buibui wa jamii hii, zaidi ya milioni moja, wakiwashika kwa mikono, wakafuma nguo ya dhahabu iliyoonyeshwa New York mwaka 2009. Ukimbana vidoleni atauma, utasikia maumivu ya muda mfupi. Yule mdogo pembeni ya utando mara nyingi si mtoto wake; ni dume, ndivyo alivyoumbwa.

Utando usibandikwe kwenye kidonda kuzuia damu. Umejaa vumbi na mabaki ya wadudu. Tumia kitambaa safi, kandamiza.

Buibui wa kujihadhari naye kweli ni mjane wa kahawia, na huyo hafumi utando wa duara. Utando wake ni wa ovyo, chini ya viti vya plastiki, kwenye kona za choo cha nje, na mfuko wake wa mayai una vijimiba pande zote. Huyo kung'ata kwake kunauma sana. Usiingize mkono usipopaona.

Mama wa Mikindani alinielewa, lakini barazani hakumtaka. Nikamzungushia buibui kijiti pamoja na utando wake, nikampeleka kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Taa tukaizima mchana uleule, swichi nikaibandika plasta. Dawa nilirudi nayo.