Kufaulu NCLEX si kupata viza

Miongoni mwa wauguzi wa Kenya wanaoitazama Marekani kuna imani ya miaka mingi: ukifaulu mtihani wa NCLEX, safari imeiva. Wapo wanaoanza hata kutafuta wa kumwachia viti na kabati.

NCLEX-RN, yaani NCLEX ya wauguzi waliosajiliwa, ni mtihani wa leseni tu. Anayetoa leseni ni bodi ya uuguzi ya jimbo, Texas au New York kwa mfano, na bodi hiyo haina usemi wowote kuhusu nani aingie nchini. Uhamiaji ni mlango mwingine.

Wengi hupitia kundi la EB-3, mojawapo ya makundi ya viza za ukaazi wa kudumu kwa ajili ya ajira. Hapo anayewasilisha fomu I-140, ya ombi la kumleta mfanyakazi mhamiaji, ni mwajiri, si muuguzi. Uuguzi umo kwenye orodha ya kazi zenye uhaba, kwa hiyo mwajiri halazimiki kuthibitisha kwamba alimtafuta Mmarekani akamkosa. Nafuu kubwa hiyo. Kisha kuna cheti cha VisaScreen, kinachotokana na sheria ya mwaka 1996, ambacho huhakiki elimu, usajili na Kiingereza chako.

Kinachochosha hasa ni foleni. Viza za ukaazi wa kudumu kwa ajili ya ajira, kwa dunia nzima, ni takriban 140,000 kwa mwaka, na wenzi na watoto huhesabiwa humo humo. Tarehe ile fomu I-140 ilipopokewa ndiyo nafasi yako. Mpaka ifikiwe, huitwi kwenye usaili ubalozini. Ndiyo maana muuguzi aweza kuwa na leseni ya jimbo mkononi na bado yuko zamu ya usiku Eldoret.