Je, Sulemani Aliagiza Upanga ili Mtoto Agawanywe?

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha wazee wa kanisa huko Bahati, Nakuru, niliombwa maoni kuhusu majirani wawili waliogombania kipande cha shamba chenye upana wa hatua nne hivi, kando ya ua wa michongoma. Nilisema wagawane nusu kwa nusu, kwa kuwa ndivyo Sulemani alivyoamua. Wazee waliitikia kwa vichwa, na mama mwenye shamba la upande wa chini akanyamaza, akikunjakunja ncha ya leso yake. Mpimaji wa ardhi alipokuja na ramani, ilibainika kwamba hatua zote nne zilikuwa za mama huyo.

Wengi wetu hudhani kuwa hukumu ya Sulemani ni kugawana sawasawa. Kisa chenyewe, katika 1 Wafalme 3:16-28, kinasema kinyume kabisa. Wanawake wawili wanaishi nyumba moja, wamejifungua kwa kupishana siku mbili tatu, hakuna shahidi, na mtoto mmoja amekufa usiku kwa kulaliwa na mama yake; sasa kila mmoja anadai aliye hai ni wake. Mfalme anarudia kwanza madai ya kila upande, ndipo anaagiza upanga ili mtoto aliye hai akatwe nusu kwa nusu. Mwishoni mtoto hakatwi hata kidogo; anakabidhiwa mama yake akiwa mzima. Anayeridhia nusu kwa nusu ni yule mwongo, na mimi nilikuwa nimeyachukua maneno yake nikayaita hekima ya mfalme.

Upanga ulikuwa na kazi gani basi? Mfikirie karani anayepokea maziwa ya wafugaji asubuhi kule Njoro. Hamwulizi mfugaji kama ametia maji, kwa maana kila mmoja atakana. Hutumbukiza kipimo kinachoelea: katika maziwa halisi, ambayo ni mazito, kipimo husimama juu, yaliyotiwa maji hukiacha kizame zaidi. Kipimo hakiongezi wala hakipunguzi chochote ndani ya ndoo. Upanga nao ulitumbukizwa kati ya kauli mbili zilizofanana neno kwa neno, na papo hapo zikatengana: mmoja alikuwa tayari kumkosa mtoto ilimradi aishi, mwingine alitaka tu mwenzake naye akose.

Hata hivyo, njia hiyo ina mipaka yake. Aya ya 28 inasema Israeli yote ilisikia hukumu hiyo, na mtu aliyekwisha kusikia anajua la kujibu akiletewa upanga. Tena inategemea upendo wa mzazi, nao hauko katika hatua nne za udongo. Mwenye haki anaweza kuachilia shamba kwa uchovu, na mdhulumu akang'ang'ania hadi mwisho.

Kwa migogoro ya namna hiyo, naona Danieli 13, iliyomo katika Biblia za Kikatoliki, inatufaa zaidi. Wazee wawili wanamshtaki mwanamke aitwaye Susana kwa uzinzi, naye Danieli anawatenganisha na kumwuliza kila mmoja tendo lilifanyika chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti tofauti, na uongo wao unafichuka. Pale Bahati ingetosha kumwita kila jirani peke yake na kumwuliza ni nani aliyeupanda ule ua, mwaka gani, na nani alikuwapo miche ikishikiliwa. Mama yule alikuwa na majibu hayo yote matatu. Hakuna aliyemwuliza.